Kipande Kinachofuata

Jumatatu, 10 Machi 2025, Dar es Salaam

Nimekabidhiwa diski yenye mafaili yote. Kipindi ni cha dakika 52 na kitarushwa Mei 8, siku ya kutimia miaka 80 tangu Ujerumani ya Wanazi isalimu amri. Baadaye nakala zitapelekwa shule za sekondari. Nitahariri picha, na nitaandika maelezo ya Kiswahili yatakayosomwa juu yake. Mtayarishaji ameniambia anataka kasi, vifaru na bendera.

Hayo yote yamo. Nimekaa mbele ya kioo hadi adhana ya magharibi ilipoita, na nilipofuturu nikarudi tena. Zile picha tunazoonyeshwa kila mwaka za Majeshi ya Washirika barani Ulaya, askari wanaruka kutoka kwenye boti, kifaru kinalipuka, wasichana wa Paris wanarusha maua, takriban zote hukatwa mahali pale pale. Anayepata mkanda mzima huona kuwa baada ya ushindi kuna kipande kinachofuata. Nataka kipindi hiki kisikate kabla ya kipande hicho.

Nitaandika humu kila jioni ya kazi, ili nikiulizwa niwe na sababu ya kila uamuzi.


Alhamisi, 13 Machi

Leo nimewasoma wapigapicha wenyewe. Waingereza waliunda kitengo chao cha filamu na picha cha jeshi, AFPU, Oktoba 1941. Mafunzo yalifanyika kwenye studio za Pinewood, nje ya London. Wengi walikuwa masajini waliotolewa vikosini, watu walioujua uaskari kwanza ndipo wakafundishwa kamera. Wamarekani walikuwa na Signal Corps, Wakanada walikuwa na kitengo chao, Wasovieti nao walikuwa na wao, akina Roman Karmen. Mtu alikwenda mstari wa mbele na bastola kiunoni, lakini mikono yote miwili ilikuwa imeishika kamera.

Kamera zenyewe zilikuwa Eyemo na DeVry, za filamu ya milimita 35. Mpigapicha alizikaza kwa mkono kama saa ya ukutani ya zamani, maana ziliendeshwa na springi. Mkanda mmoja ulikuwa wa futi 100. Nimepiga hesabu: futi moja ina fremu 16, na kila sekunde hupita fremu 24. Kwa hiyo mkanda mzima hudumu sekunde 67. Dakika moja na kidogo tu, kisha unainama nyuma ya ukuta, unafungua kamera, unaweka mkanda mwingine huku mizinga inaendelea. Mtu mwenye dakika moja hapigi ovyo. Kila picha niliyo nayo humu ilichaguliwa na binadamu aliyeamua kuelekeza lenzi huku, asiielekeze kule.

Kila mkanda wa AFPU ulikwenda na karatasi ya maelezo: tarehe, mahali, kikosi, jina la mpigapicha, na orodha ya picha moja baada ya nyingine. Huko London filamu ilisafishwa, ikapita mikononi mwa wakaguzi wa kijeshi, ndipo ikagawiwa kwa watengenezaji wa sinema za habari. Karatasi hizo zipo hadi leo katika jumba la makumbusho ya vita la Uingereza, Imperial War Museum. Nimeamua kwamba jina la mpigapicha likijulikana, tutaliandika kwenye kioo. Shahidi hutajwa jina.

Jambo jingine: filamu hizi kwa sehemu kubwa hazina sauti. Kamera ya mstari wa mbele haikurekodi mlio wowote. Ile ngurumo ya mizinga tunayoisikia kwenye vipindi iliongezwa baadaye, na mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti. Mimi sitaongeza milipuko. Msimulizi ataongea panapohitaji maneno, na kwingine tutaiacha picha ilivyo.


Jumapili, 16 Machi

Kutwa nzima nimekuwa Normandy. Tarehe 6 Juni 1944, ufuko ulioitwa Juno, Wakanada ndani ya boti ya kushushia askari. Ni picha maarufu mno. Mmoja anampigapiga mwenzake begani. Mlango wa mbele unashuka, nyumba za ufukoni zinaonekana, wanatoka mmoja mmoja.

Nimeirudia mara nyingi kwa sababu ya jambo moja: tunaona migongo yao. Kamera iko nyuma. Hivyo ndivyo mtu anavyoitambua picha ya vita halisi, kwa kujiuliza mpigapicha alikuwa amesimama wapi. Ukiona nyuso za askari wanaoshambulia zinakujia wewe, tulivu, zimeonekana vizuri, basi kamera ilikuwa upande wa adui. Adui hakumruhusu mtu kusimama pale na kupiga filamu. Picha kama hiyo aghalabu ni ya mazoezini, au iliigizwa baadaye.

Watu wa zamani walilijua hili. Filamu ya Desert Victory, ya mwaka 1943, juu ya vita vya El Alamein, ilipewa tuzo ya Oscar, na kwa sehemu kubwa ni picha za kweli zilizopigwa jangwani na AFPU. Lakini baadhi ya nyuso za askari zinazomulikwa na milipuko usiku zilipigwa ndani ya studio, Pinewood. Siwalaumu. Walikuwa katikati ya vita na taifa lao lilihitaji moyo. Ila miaka 80 imepita, na mwanafunzi wa kidato cha pili hana deni la kuamini kila anachoonyeshwa. Anastahili kufundishwa kutazama: kamera ilikuwa wapi? Nani aliituma? Nini kilikuja baada ya hapo?

Maswali hayo matatu nitayaweka dakika ya kwanza kabisa ya kipindi.


Ijumaa, 21 Machi

Cologne, Ujerumani. Nimemaliza siku nzima kwenye filamu ya mtu mmoja.

Tarehe 6 Machi 1945, Wamarekani wa kikosi cha 3 cha vifaru wameingia mjini. Kanisa kuu la Cologne lingali limesimama katikati ya magofu, na mbele yake kuna kifaru cha Kijerumani aina ya Panther. Jim Bates, mpigapicha wa Signal Corps, ameingia kwenye jengo linalotazamana na uwanja, akapanda juu, akaweka kamera. Kifaru cha Kimarekani aina ya Pershing kinatokea kwenye njia panda. Mpiga mzinga wake, Clarence Smoyer, anapiga, anapiga tena, anapiga mara ya tatu. Kutoka kwenye Panther wanaruka watu, mmoja baada ya mwingine, moshi unawafuata, kisha moto.

Kipande hiki nimekiona kwenye vipindi visivyo na idadi. Huanza Pershing inapopiga na huisha Panther inapowaka.

Kwenye mkanda mzima kuna yaliyotangulia. Panther hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuipiga Sherman ya Wamarekani muda mfupi kabla. Kamanda wa Sherman anajivuta kutoka kwenye mlango wa juu, anaangukia kando, na unaona kwamba mguu wake mmoja umekatika. Huyo alikuwa wa upande ulioshinda.

Tena kuna yaliyokuwa mtaa mwingine, siku hiyo hiyo. Gari dogo jeusi la raia lilitokea kwa kasi katikati ya wanaorushiana risasi. Risasi zililipata kutoka pande zote mbili. Bates alifika sehemu ile na kamera yake. Mwanamke kijana, mfanyakazi wa duka la vyakula, amelazwa chini kando ya gari, amejikunja. Matabibu wa Kimarekani wamepiga magoti wanamfunga bandeji. Mmoja anamwekea kitu chini ya kichwa. Hakupona. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Nimesimamisha picha hapo, nikazima mashine, nikaenda kufuturu. Futari ilikuwa ya muhogo na samaki, na nimekula kidogo.


Jumamosi, 22 Machi

Mtayarishaji amepiga simu asubuhi. Ameiona rasimu ya Cologne.

"Kaka, ile sehemu ya gari haina kazi. Watoto wanataka kuona kifaru kikipigwa. Ukiwawekea yule dada, wataanza kuuliza nani alimpiga."

"Waulize, kaka. Jibu lipo. Walimpiga wote."

Amenyamaza. Nikamweleza habari za Smoyer. Aliishi na siku ile maisha yake yote. Mwaka 2013, akiwa mzee, alirudi Cologne na kukutana na Mjerumani aliyekuwa ndani ya kifaru cha upande wa pili siku ile ile. Wakaenda pamoja kwenye makaburi alikozikwa yule dada kupeleka maua. Wazee wawili waliokuwa na kila sababu ya kusema "vita ni vita" hawakusema hivyo. Kama wao hawakulikata lile gari kwenye kumbukumbu zao, mimi ni nani wa kulikata kwa sababu ya sekunde arobaini?

Amesema nilete hesabu ya dakika. Nitaipunguza sehemu ya bendera.


Jumatano, 2 Aprili

Shamrashamra za Idi bado hazijatulia nyumbani. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, amekuja kula sikukuu na amekaa nami chumbani akitazama Paris.

Picha za Agosti 1944 zinapendeza. Wakazi wenyewe wamepanga mawe ya barabarani kuwa vizuizi. Watengenezaji filamu waliokuwa upande wa upinzani walitoka mitaani na kamera walizokuwa wamezificha, wakapiga maasi yale tangu ndani, na siku chache tu baada ya mji kukombolewa filamu yao ilikuwa inaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kisha vifaru vya Kifaransa vya Jenerali Leclerc vinaingia. Tarehe 26 Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Ufaransa Huru, anatembea kwa miguu kwenye Champs-Élysées, na umati hauna mwisho.

Binti ameuliza, "Mjomba, mbona sisi hatumo?"

"Sisi nani, mwanangu?"

"Waafrika."

Nikamwambia kwanza lililo la kwetu. Askari wa Afrika Mashariki, keya, hawakupelekwa kupigana Ulaya. Walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Lakini Ulaya Waafrika walikuwapo kwa makumi ya maelfu: kutoka Senegali, Mali, Burkina Faso ya leo, Chad, Morocco, Algeria. Walipigana Italia. Walishuka kusini mwa Ufaransa Agosti 1944, wakakomboa Toulon na Marseille. Na vita vya jangwani Leclerc mwenyewe alivianzia Chad; ngome ya Kufra huko Libya aliiteka mwaka 1941 akiwa na askari wengi Waafrika.

"Sasa Paris wako wapi?"

Hapo nikamwonyesha nilichokisoma. Nyaraka za makao makuu ya Washirika zimo kwenye hifadhi na zimechapishwa. Januari 1944 ziliandikwa barua za siri zikitaka kikosi cha Kifaransa kitakachoingia Paris kiwe cha wazungu watupu. Kikosi cha Leclerc ndicho kilichoonekana kuwa rahisi kufanywa hivyo, kwa kuwa Waafrika wake walikuwa kama robo tu. Wakaondolewa. Vuli ya mwaka huo huo maelfu ya askari Waafrika walivuliwa sare huko mstari wa mbele, vijana wa Kifaransa wakapewa nafasi zao. Na Desemba 1, 1944, kambini Thiaroye karibu na Dakar, waliorudi kutoka utekwani Ulaya walidai malipo yao halali, wakapigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia.

Asiyekuwapo na lake halipo. Kamera ilipoanza kuzunguka Paris, kazi ya kukata ilikuwa imekwisha kufanywa na watu wenye kalamu, miezi saba kabla.

Hata hivyo yupo mmoja. Georges Dukson, sajini kutoka Gabon, alitekwa na Wajerumani, akatoroka, akapigana kwenye maasi ya Paris hadi watu wa mtaa wa 17 wakamwita simba. Kwenye picha za maandamano ya tarehe 26 anaonekana karibu kabisa na de Gaulle, mkono wake uliojeruhiwa ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Picha nyingine za siku hiyo hiyo zinaonyesha akiondolewa kwenye msafara. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki.

Binti amenyoosha kidole kwenye kioo: "Huyo muache, Mjomba. Mpaka anapotolewa."

Nimemwacha. Na kuondolewa kwake pia nimekuacha.


Jumatatu, 7 Aprili

Monte Cassino, Italia. Nitaandika kwa ufupi, mvua ya masika inapiga bati na umeme unachezacheza.

Washirika waliipiga abasia ile ya kale kwa mabomu Februari 15, 1944. Ilichukua hadi Mei 18 ndipo askari wa Kipolandi wa Jenerali Anders walipofika kileleni na kupandisha bendera yao kwenye magofu. Wapolandi walikuwa na wapigapicha wao. Zaidi ya wenzao 1,000 wamezikwa kwenye mteremko ule.

Kwa nini liwe letu hili? Wengi wa askari hao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Muungano wa Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakaachiliwa Hitler alipowageukia Wasovieti, wakapitia Iran. Wanaume walijiunga na jeshi la Anders. Wanawake na watoto wengi waliletwa Afrika Mashariki: Masindi na Koja huko Uganda, na kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000. Mtu alikuwa anapanda mwamba wa Cassino huku mkewe na wanawe wakilima bustani chini ya Mlima Meru. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru hadi leo, zaidi ya 100, yanatunzwa.

Kipande kinachofuata bendera ya Cassino kiko mkoani Arusha. Nimeomba picha za makaburi hayo zipigwe wiki ijayo. Na msimulizi ataongeza kwamba Juni 8, 1946, katika gwaride kuu la ushindi la London, walipita wanajeshi wa kila pembe, Waafrika wa makoloni wakiwamo, lakini jeshi la Anders halikupita. Siasa za Stalin zilikuwa zimekwisha kuamua.


Jumanne, 15 Aprili

Leo imetimia miaka 80 tangu Waingereza waingie Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi. Nimeipanga kazi hii iangukie leo kwa makusudi.

Walikuta watu wapatao 60,000 wangali hai, wengi wao wakiwa taabani kwa njaa na taifasi, homa inayoenezwa na chawa. Walikuta maiti zipatazo 13,000 zimelala juu ya ardhi. Wengine karibu 14,000 walikufa baada ya kukombolewa. Chakula na dawa vilifika, miili haikuweza tena. Wapigapicha wa AFPU waliingia na jeshi na wakabaki kwa majuma. Mmoja wao alikuwa Sajini Mike Lewis, askari wa miavuli aliyepiga filamu Arnhem miezi saba kabla. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Uingereza kutoka Poland. Yule aliyesimama na kamera pembeni ya shimo la Belsen alijua kwamba, lau wazazi wake wasingehama, huenda naye angekuwa shimoni.

Picha ninayoiandika hapa haikukatwa popote. Inaanza kwenye lori. Walinzi wa SS, wanaume wenye afya na mabuti, wamelazimishwa na Waingereza kubeba maiti. Wanashika mikono na miguu, wanabeba hadi ukingoni. Kamera inawafuata polepole. Inafika kwenye shimo, inapita juu yake bila kuharakisha, inaendelea kupanda upande wa pili. Huko wamesimama viongozi wa miji ya jirani, Wajerumani wenye kofia na makoti, walioletwa watazame. Tumewaona wabebaji, waliobebwa, na waliosema hawakujua, wote kwa pumzi moja ya kamera.

Sitaikata. Hata fremu moja.


Jumatano, 16 Aprili

Kutokukata si wazo langu. Sidney Bernstein, aliyesimamia filamu katika idara ya vita vya kisaikolojia ya Washirika, alifika Belsen akaamua itengenezwe filamu ndefu ya ushahidi ambayo Wajerumani hawataweza kuikanusha. Alimwita rafiki yake Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu, kumshauri. Ushauri wa Hitchcock ulikuwa huu: tumieni picha ndefu zisizokatwa, kamera ihame kutoka kwa watazamaji hadi kwenye maiti, ili asitokee wa kusema vipande viliunganishwa kwa hila. Na ramani, ili watu waone kambi zilikuwa karibu kiasi gani na vijiji vyenye bustani na maziwa.

Filamu ikasimamishwa Septemba 1945 kabla haijakamilika. Siasa zilikuwa zimebadilika: Ujerumani ilihitaji kujengwa, na vita baridi vilikuwa vinanukia. Mwaka 1952 mikanda na maandishi yake vilikabidhiwa Imperial War Museum. Mwaka 1984 sehemu yake ilionyeshwa Berlin. Jumba lile lilikuja kuikamilisha mwaka 2014 kwa kufuata maandishi ya 1945, kwa jina lake la awali, German Concentration Camps Factual Survey. Karibu miaka 70.

Filamu nyingine ilifika mahakamani mapema. Novemba 29, 1945, huko Nuremberg, waendesha mashtaka wa Marekani walionyesha saa nzima ya picha za kambi. Ukumbi ulizimwa taa, isipokuwa taa ndogo kwenye kizimba, ili nyuso za washtakiwa, Göring na wenzake, zionekane wakati wakitazama. Filamu ilikuwa shahidi aliyekula kiapo: kabla haijaanza, zilisomwa hati za viapo kwamba picha hazijachezewa.

Nimetazama tena mikanda ya Belsen hadi mwisho. Vipindi vingi huishia shimoni. Vinamwacha mtazamaji na maiti wasio na majina na kumwachia adui neno la mwisho juu yao. Lakini wapigapicha wale hawakuishia hapo. Wanawake wanaoga kwa maji ya moto, wamekunja nyuso kwa raha. Wanawake wengine wako kwenye ghala la nguo ambalo askari walilipa jina la Harrods, kama duka la kifahari la London. Mmoja anapima viatu. Mwingine analishikilia gauni mbele ya kifua, anamgeukia mwenzake, wanacheka. Yupo anayejaribu kofia.

Hicho kinaingia chote. Watu wale walikuwa na matakwa na vipimo vya nguo na ladha zao, kabla ya kambi na baada yake. Asiyeonyesha gauni lile ameonyesha nusu ya walichofanya Wanazi na nusu ya waliyemfanyia.


Ijumaa, 25 Aprili

Mto Elbe. Miaka 80 leo tangu Wamarekani na Wasovieti wakutane katikati ya Ujerumani.

Picha ambayo dunia inaijua ni ya Torgau: daraja lililovunjika, mikono imenyooshwa, nyuso zinatabasamu. Ilipangwa kwa ajili ya kamera tarehe 26. Wa kwanza walikuwa wamekutana jana yake, Strehla, kusini zaidi, doria ya Luteni Albert Kotzebue ilipovuka mto kwa boti. Ukingo waliofikia ulikuwa umejaa maiti za raia wa Kijerumani, wazee, wanawake na watoto waliouawa wakijaribu kuvuka. Askari wa mataifa mawili walipeana mikono wakiwa wamesimama kati ya maiti hizo, na baadhi yao wakaapa pale pale kwamba watafanya kila wawezalo vita visirudi.

Dunia ilionyeshwa Torgau. Mimi pia nitaionyesha Torgau, ni picha nzuri na furaha yao ni ya kweli. Lakini msimulizi atasema ni ya tarehe 26 na ilipangwa, halafu atataja Strehla na kiapo chake. Kiapo kile kina uzito kwa sababu ya mahali kilipoapwa.


Jumatano, 30 Aprili

Tumerekodi sauti. Msimulizi ni mama mmoja wa redio wa miaka mingi, mtu wa Tanga, sauti yake haina haraka. Alifika kwenye Belsen akaomba tusimame.

"Baba, hapa umeandika maneno mengi."

"Nipunguze wapi, mama?"

"Niache niseme tarehe, mahali na jina la aliyepiga. Basi. Mengine wataona."

Nimefuta aya mbili. Alikuwa sahihi, na kipindi kimepata nguvu.


Jumapili, 4 Mei

Kipindi kimekamilika. Mtayarishaji amekitazama chote bila kusema neno, kisha akaomba swali la tatu lirudiwe mwishoni kwa maandishi: nini kilikuja baada ya hapo? Amesema mwalimu asimamishe picha darasani hapo na awaachie wanafunzi waongee. Nimekubali kwa moyo mmoja.

Ninayoyaamini baada ya kazi hii ni haya. Ushindi wa 1945 ulikuwa mkubwa na ulistahili. Aliyeona Belsen hawezi kusema vita dhidi ya Hitler havikuwa na maana. Na kwa sababu ulikuwa wa haki, hauhitaji kufichiwa lolote: si gari la Cologne, si Waafrika walioondolewa kabla ya Paris, si Wapolandi wasiopita London, si maiti za Strehla. Ushindi unaosimama baada ya kuonyeshwa hayo yote ndio unaofaa kufundishwa watoto. Wapigapicha wale walihatarisha roho zao kwa sekunde 67 kila mkanda, na mara nyingi walibaki baada ya bendera kupanda. Sisi wenye muda wote wa dunia na viti vya kuzunguka hatuna udhuru wa kukata mapema.

Kesho naanza kuandika maombi ya mikanda ya Burma. AFPU ilikuwako huko pia, na keya wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na tope hadi wakaiteka Kalewa, kwenye mto Chindwin, Desemba 1944. Nitaomba mikanda mizima pamoja na karatasi zake za maelezo, maana wajukuu wa keya wapo Songea, Machakos na Gulu, na wana haki ya kuwaona babu zao tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho.